Treni Imepita Pembeni, Barabara ya Kulipia Inakuja: Wauzaji wa Chalinze na Miji ya Njiani, Tusikae Kimya



Leo siongelei jinsi ya kupiga picha bidhaa, wala jinsi ya kumjibu mteja anayeuliza "bei gani?" halafu anapotea. Leo naongelea reli na barabara. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya wabunge na mainjinia, sisi tuuze tu. Subirini kwanza. Ukiuza mtandaoni, duka lako lina vitu viwili: simu yako, na njia anayopita mzigo. Simu tunaijua vizuri. Njia tunaikumbuka siku mzigo umepotea.

Mimi nipo Chalinze, pale Bwilingu. Nauza mashuka, mapazia na vyombo vya ndani. Kwa ambao hamjawahi kupita kwetu: ukitoka Dar na barabara ya Morogoro, ukifika Chalinze ukinyoosha unakwenda Morogoro, Dodoma, Iringa, Mbeya. Ukikata kulia unakwenda Msata, Segera, Tanga, Moshi, Arusha. Njia panda. Mji wenyewe umezaliwa na hiyo kona. Kama ile kona isingekuwepo, sijui mimi ningekuwa nauza nini na kwa nani.

Mama yangu aliuza mananasi ya kukata na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Basi likisimama una dakika tano, kumi ukiwa na bahati. Unakimbia na beseni kichwani, unainua mkono, abiria anachagua, konda anapiga bodi, basi linaondoka na wewe bado unadai chenji au unadaiwa. Nilipokuwa sekondari ada bado ililipwa, na ada yangu, sare, daftari, vyote vilitoka dirishani. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2015, matokeo hayakuniruhusu kuendelea. Mama akanipa pesa ya mashuka sita ya Kariakoo. Nikayatundika kwenye kamba karibu na mabasi yanaposimama.

Hapo ndo nilijifunza biashara ya mtandaoni bila kujua jina lake. Abiria alikuwa anaona shuka kupitia dirishani, muda wa kushuka hana, ananiambia, "Dada nipe namba, nitakucheki." Nikaanza kuweka picha status. Mtu wa Korogwe anaagiza, mtu wa Moro anaagiza, nampa konda mzigo, mteja anaupokea kwao. Wateja wangu wa kwanza mia moja, karibu wote walitoka kwenye lile dirisha.

Kwa hiyo naposema reli na barabara zinanihusu, sisemi kwa kusikia.

Kitu gani kimebadilika

Kwanza ilikuja lami ya Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64. Mabasi mengine ya Tanga, Moshi na Arusha yakaanza kupita Bagamoyo na kutokea Msata, hayafiki kabisa kwenye kona yetu. Tukalalamika kidogo, tukazoea.

Halafu ikaja SGR. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro. Tarehe 25 Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Ukitoka Dar vituo vyake ni Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha Morogoro. Umesikia Chalinze hapo? Haipo. Reli imepita kusini yetu, kama ile ya zamani ya Wajerumani ilivyopita. Nauli ya daraja la kawaida Dar mpaka Dodoma ilipangwa shilingi 31,000, na mtu anafika chini ya saa nne. Kwa basi unajua mwenyewe, ni kutwa nzima.

Cha tatu ni barabara ya haraka ya Kibaha, Chalinze mpaka Morogoro. Hii imezungumzwa miaka mingi. Kipande cha Kibaha mpaka Chalinze peke yake ni kilomita 78.9, na mpango ni ubia kati ya serikali na sekta binafsi, maana yake anayepita analipia. Na barabara za namna hii zina tabia moja: huingii wala hutoki popote unapotaka. Unatoka pale tu palipowekwa mlango.

Na huku pwani nako inajengwa barabara ya Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani mpaka Tanga. Ikikamilika yote, mtu wa Dar anayekwenda Tanga ana njia nyingine ambayo haijui Chalinze.

Weka hivyo vinne pamoja. Mji ulioishi kwa sababu kila mtu alilazimika kupita, sasa hakuna anayelazimika.

Siku mzigo wangu ulipokwenda Dodoma peke yake

Niwape mfano mmoja ili tuelewane. Mwaka jana nilikuwa na oda ya send-off. Mashuka, mapazia, seti za vyombo, mzigo wa shilingi 480,000, mteja kalipa nusu. Nilinunua Kariakoo alhamisi, nikampa mtu wa basi la usiku, akaambiwa kabisa, "Shusha Chalinze."

Saa saba usiku nipo barabarani na bodaboda, nasubiri. Basi likapita. Halikupunguza hata mwendo. Nikapiga simu, haipokelewi. Asubuhi ndo konda ananiambia, "Dada, hatukuwa na abiria wa kushuka Chalinze, dereva akanyoosha. Mzigo wako upo Dodoma."

Ulirudi jumapili. Send-off ilikuwa jumamosi. Nilirudisha pesa ya mteja, na yale mapazia ya rangi ya peach nilikaa nayo miezi.

Nilimlaumu sana yule konda. Lakini nilipotulia nikaona konda ni wa mwisho kwenye msururu. Zamani basi lisingeweza kupita Chalinze bila kusimama, kwa sababu abiria walikuwepo wa kushuka na kupanda, na watu walitaka kula na kujisaidia. Abiria wakipungua, basi halisimami. Basi lisiposimama, mzigo haushuki. Mzigo usiposhuka, mimi muuzaji wa mtandaoni sina biashara, hata kama nina wafuasi elfu ishirini. Mama yangu wa mananasi na mimi wa WhatsApp tunategemea breki ile ile.

Wanaobishana wote wana hoja

Nina rafiki tulisoma naye, sasa yuko Dodoma anauza nguo za watoto. Nikimlalamikia ananicheka. "Wewe unataka watu milioni wakae barabarani saa nane ili wewe uuze shuka?" Yeye anapanda treni alfajiri, anaingia Kariakoo, anachagua mzigo mwenyewe kwa mikono yake, jioni yuko kwake analaza watoto. Zamani alikuwa anaagiza kwa picha, anatumiwa vitu tofauti na alivyoonyeshwa. SGR imemkuzia biashara. Siwezi kumwambia amekosea. Na ajali tulizozishuhudia kwenye barabara hii ya Morogoro sote tunazijua. Kila anayepunguza msongamano pale kaokoa watu.

Upande wa pili kuna mzee mmoja pale stendi, ameuza mayai tangu sijazaliwa. Yeye anasema, "Binti, maendeleo yakipita pembeni ya mlango wako, kwako ni kelele tu." Anahesabu mabasi kwa macho. Anajua siku hizi trei moja inamaliza siku mbili wakati zamani asubuhi tu imekwisha.

Na kuna wa tatu, wasomi wetu wa mjini, wanaosema Chalinze ina viwanda sasa, haihitaji tena mabasi. Kweli kuna kiwanda cha vigae pale Pingo, kuna cha kusindika matunda pale Mboga, kuna kokoto za Lugoba. Julai 2025 ikazinduliwa bandari kavu ya Kwala, na barabara ya zege ikajengwa kutoka Vigwaza kuingia huko. Makontena yanatokea Vigwaza yanapita kwetu kwenda Zambia na Kongo. Hiyo yote ni kazi na ni pesa. Lakini lori la kontena halipandishi abiria, halishushi mzigo wa mashuka, na dereva akiwa na ratiba hasimami kununua nanasi.

Msimamo wangu ni huu, nauandika wazi ili mnipinge vizuri: SGR ni jambo jema na barabara ya haraka ikija ni jambo jema. Lakini pesa inayojenga njia ya kupita mji lazima iwe na fungu la kuuunganisha mji huo na njia hiyo. Kama waliweza kujenga zege kutoka Vigwaza kwa ajili ya makontena, hawawezi kushindwa kutufikiria sisi watu. Tusiposema sasa michoro ikiwa bado karatasi, tutakuja kulia wakati zege limeshakauka.

Bagamoyo walitutangulia

Watu wa huku hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo. Chalinze ilikuwa ndani ya wilaya ya Bagamoyo, halmashauri zikatengana baadaye. Tazama Bagamoyo yenyewe.

Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Ujiji na Tabora kwa miguu, mwisho wake Bagamoyo. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakajenga majumba ya mawe. Wajerumani wakaufanya mji mkuu wao. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, maana bandari ya Dar ina kina, meli kubwa zinaingia, Bagamoyo ni maji mafupi ya majahazi. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutokea Dar. 1907 ikafika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma. Mzigo uliokuwa unatembea miezi kuja Bagamoyo ukapanda behewa ukaenda Dar. Majumba yale mengi yamebaki magofu, ukienda Mji Mkongwe unayaona, miti imeota ukutani.

Hakuna aliyeichukia Bagamoyo. Njia tu ilihama. Na mji uliokuwa unaishi kwa wapitaji ukabaki hauna mpitaji.

Lakini angalia sehemu ya pili ya hadithi, wengi hawaisimulii. Leo watu wanakwenda Bagamoyo kwa makusudi. Wanakwenda Kaole kuona magofu, wanakwenda chuo cha sanaa, kile kilichoanza mwaka 1981 ambacho sasa ni TaSUBa, wanakwenda kwenye tamasha, wanakwenda ufukweni wikiendi. Mji ulipata sababu yake wenyewe ya mtu kufunga safari. Tatizo ni kwamba ilichukua miaka mingi sana. Mimi sina miaka sabini ya kusubiri, nina kodi ya fremu kila mwezi.

Kinyozi wa Seligman

Huko Marekani kuna kijiji kinaitwa Seligman, jimbo la Arizona, kwenye barabara ya zamani inayoitwa Route 66. Kama Chalinze tu: migahawa, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, wote wanaishi kwa magari. Tarehe 22 Septemba 1978 barabara kuu mpya ikafunguliwa pembeni, na magari yakahama siku hiyo hiyo. Kinyozi mmoja wa pale, Angel Delgadillo, aliona mji wake ukinyamaza. Mwaka 1987 akaitisha watu, wakaunda chama cha kuitetea ile barabara ya zamani, wakaibana serikali ya jimbo mpaka ikaitambua kuwa barabara ya kihistoria. Watalii wakaanza kuja kuitafuta barabara ambayo wengine waliikimbia. Kinyozi, siyo waziri.

Ila na yeye alianza miaka tisa baada ya magari kuhama. Sisi tuna nafasi ya kuanza kabla.

Tudai nini hasa

Kulalamika bila kusema unachotaka ni sawa na mteja anayeandika "punguza" bila kutaja bei. Mimi nataja bei yangu.

1. Mlango wa kutokea karibu na mji, siyo kilomita kumi mbele. Barabara ya haraka ikichorwa, gari liweze kutoka na kuingia karibu na Bwilingu. Na pale kwenye mlango pajengwe stendi, soko na maegesho. Mahali pa kupumzikia wasafiri pasije pakawa pa kampuni kubwa peke yake. Vizimba vitengwe kwa wanaouza sasa barabarani, kwa majina yao, kabla hawajaondolewa.

2. Gari la kutuunganisha na treni. Kituo cha Ruvu kipo, Ngerengere kipo. Tunachokosa ni Coaster zenye ratiba inayofuata treni, ili mtu wa Chalinze, Lugoba au Msata apate nauli inayoeleweka na uhakika wa kufika kabla treni haijaondoka. Anayepanga njia na leseni za magari ya abiria ni LATRA. Halmashauri na wenye Coaster wakikaa meza moja nao, hili halihitaji mabilioni.

3. Stendi inayofanya kazi usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24 baada ya katazo la miaka mingi. Maana yake mji wa njiani una wateja usiku. Lakini mwanamke hawezi kusubiri mzigo saa saba usiku gizani. Taa, choo safi, mlinzi, na chumba kimoja cha kupokelea mizigo chenye daftari na namba ya simu. Mzigo ukiwa na mahali pa kushukia, basi lina sababu ya kusimama hata kama halina abiria.

4. Mikopo ya asilimia kumi itazame watu hawa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Watu wa dirishani wanaohama kutoka beseni kwenda fremu au mtandaoni wawe kundi la kwanza. Bodaboda za kukopesha tumeziona. Tunataka pia friza za mananasi, mashine za kukausha matunda, na simu nzuri ya kupigia picha.

Kuna atakayesema, "Dada, nani atakusikiliza?" Nikujibu kwa mfano wa jirani zetu. Kenya walianza treni yao ya SGR Mombasa kwenda Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 likatoka agizo kwamba makontena yote ya mizigo kutoka bandarini yapande treni. Mombasa ikawaka: wenye malori, madereva, mama ntilie, wenye gereji, wote waliona riziki inaondoka. Watu wakaandamana, viongozi wakabanwa, na Oktoba mwaka huo huo agizo likasitishwa. Sisemi tuandamane. Nasema serikali inasikia inapoambiwa na watu wengi kwa pamoja kitu kimoja kinachoeleweka.

Na njia ya kusema ipo. Mradi mkubwa kama huu unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na wananchi wanatakiwa kuulizwa. Wakija na makaratasi yao, mara nyingi kwenye mkutano wanakuta wazee kumi na watoto. Sisi wauzaji tupo dukani tunajibu meseji. Halafu baadaye tunasema hatukushirikishwa.

Kwako wewe muuzaji, leo hii

Hayo ni ya serikali. Lakini basi haliwezi kusubiri bajeti. Uwe Chalinze, Mikumi, Segera, Gairo, au mji wowote unaoishi kwa wapitaji, fanya haya:

Kusanya namba kabla dirisha halijafungwa. Kila mteja wa njiani aondoke na kitu chenye namba yako: mfuko, kikaratasi, hata maandishi kwenye boksi la nanasi. Mpitaji ni mteja wa mara moja. Mwenye namba yako ni mteja wa miaka. Mimi biashara yangu isingekuwepo bila wale walioniomba namba.

Usiwe na njia moja ya mzigo. Kuwa na basi la kusimama Chalinze, kuwa na la kushukia Msata, kuwa na mtu Morogoro anayeweza kukupokelea. Andika kwenye daftari: basi gani, linaondoka saa ngapi, konda nani, lilichelewa mara ngapi. Baada ya miezi miwili daftari litakuambia nani wa kumwamini kuliko maneno ya konda.

Piga picha tatu. Mzigo ukiwa umefungwa, mzigo ukiwa kwenye buti, na namba ya basi. Mtumie mteja hapo hapo. Andika kwa kalamu nene jina la mji wa kushukia pande zote nne za boksi. Mimi nimejifunza hili kwa shilingi 480,000, wewe jifunze bure.

Mzigo wa sherehe uondoke siku nne kabla. Usiniambie "utafika tu". Wangu ulifika kweli, lakini Dodoma.

Uza kwa wanaoishi hapa. Hili nililichelewa sana. Miaka yote nilitazama madirisha ya mabasi, nikampa mgongo mfanyakazi wa kiwanda anayelipwa mwisho wa mwezi na anapanga chumba mita mia mbili kutoka kwangu. Nesi wa hospitali ya Msoga anahitaji mapazia. Mwalimu wa Lugoba anahitaji vyombo. Mwaka huu nilianzisha kundi la WhatsApp la wateja wa Chalinze tu, napeleka kwa bodaboda, mteja analipa akiona mzigo. Sasa karibu nusu ya mauzo yangu hayahitaji basi.

Uza kitu ambacho mtu atakifuata. Mananasi ya Kiwangwa yana jina mpaka Dar. Kwa nini tunayauza kama hayana kwao? Weka jina la Kiwangwa kwenye picha, kwenye mfuko, kwenye maelezo. Mpitaji akikosekana, jina ndilo linaloagizwa.

Nenda kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Nenda na wenzako watano. Mmoja aandike. Ulizeni swali moja tu: barabara mpya itatokea wapi kuingia mji wetu? Msikubali kuondoka bila jibu kuingia kwenye muhtasari.

Mwisho

Wiki iliyopita nilikwenda na mama Dodoma kumwona mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tulipanda SGR. Ilibidi kwanza twende Morogoro kwa basi ndo tupande treni, fikiria mwenyewe. Treni ilipoondoka, mama akasogea dirishani. Kioo hakifunguki. Akakigusa kwa kidole, akaniambia, "Sasa hapa ungeniuziaje nanasi?"

Tukacheka. Halafu akanyamaza, akaangalia nje mpaka tulipoingia kwenye mahandaki. Baadaye akasema treni ni nzuri, hata mgongo haumuumi. Yote mawili ni kweli, na mimi nataka nchi inayoweza kubeba yote mawili: treni isiyouumiza mgongo wa mama, na mahali ambapo mama huyo huyo anaweza kusimama na kuuza.

Kama upo kwenye mji wa njiani, niandikie hapo chini: mji gani, na tangu njia ibadilike mauzo yako yamekuwaje. Wa Chalinze tutafutane kabla ya mkutano ujao. Nitakuja na daftari.